Insha Hii ni ya Nani?

Wiki hii tunaacha kando mfululizo wetu wa kitabu cha Waefeso. Mchungaji mkuu amenipa ukurasa huu niseme jambo ambalo limekaa kifuani mwangu tangu Oktoba, na nimemwomba asilipunguze.

Jumatano moja, baada ya maombi ya saa sita, mama mmoja wa kanisa hili alinisubiri mlangoni pa ofisi. Alikuwa na kijana wake, na mkononi bahasha ya kaki. Kijana huyu alipata A kwenye KCSE, tukamwita mbele, tukamwombea, tukapiga makofi. Tangu hapo yuko nyumbani akijitayarisha kuomba vyuo vya Marekani, vile ambavyo kila mtu duniani anavitaka. (Amenipa ruhusa kuandika haya, na mama yake pia, mradi nisitaje jina. Ninyi mnaomjua, mjueni kimya kimya.)

"Pasta," mama akasema, "hatutaki mengi. Tuandikie barua useme ameongoza vijana wa kanisa miaka mitatu. Halafu hii insha uipige pasi kidogo, wewe umesoma."

Kijana huyu hajaongoza hata pambio. Yeye hukaa kule nyuma kwenye mitambo ya sauti, na siku mkimsikia ni kwa sababu maikrofoni imepiga kelele. Nikaifungua insha. Ilianza na mto. Alikuwa akivuka mto kila alfajiri, miguu mitupu, kilomita 12 kwenda shule ya msingi, na baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Kiingereza kilikuwa kizuri sana. Shida ni kwamba shule hiyo ninaijua, ni steji mbili za matatu kutoka hapa, na baba yake nilikuwa nimemsalimia Jumapili iliyotangulia.

"Huu ni mto gani?" nikauliza.

Kijana akaangalia viatu vyake. Mama ndiye aliyenijibu. "Pasta, ni mto tu."

Nilicheka. Halafu usiku huo sikulala vizuri, na nitawaambia kwa nini, lakini kwanza wazazi waelewe mchezo wenyewe, kwa sababu wengi mnaniuliza.

Sisi tumezoea kwamba gredi ya mtoto inaingia kwenye kompyuta na kompyuta inampeleka chuo. Kule si hivyo. Chukua Harvard. Katika kila vijana 100 wanaoomba, hawafiki watano wanaopokelewa, na wengi wa wale wanaokataliwa wana alama za juu kabisa. Kwa hivyo alama zinakufikisha mlangoni tu. Kuna mtihani wa SAT unaohesabiwa hadi 1600. Vyuo vingi viliuacha wakati wa korona, lakini MIT waliurudisha mwaka 2022, na Harvard wakatangaza mwaka 2024 kwamba nao wanaurudisha. Baada ya mtihani kuna fomu inayoitwa Common Application, ambayo vyuo zaidi ya 1,000 vinaitumia. Fomu hiyo ina nafasi 10 za kueleza shughuli zako nje ya darasa, na kila shughuli unaielezea kwa herufi 150, yaani sentensi moja au mbili fupi. Kuna barua za walimu. Na kuna insha moja isiyozidi maneno 650, ambayo kwa kifupi inauliza: wewe ni nani? Mwishoni mwanafunzi anatia sahihi kwamba yote aliyoandika ni kweli na ni kazi yake mwenyewe.

Sasa angalia kilicho upande wa pili wa mlango. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haviangalii uwezo wa mzazi kulipa wakati vinachagua, hata kama mwanafunzi anatoka Kenya, na akishapokelewa vinajaza pengo lote la karo. Mwaka mmoja wa Harvard unapita dola 80,000. Hizo ni kama shilingi milioni 10. Mara miaka minne. Mama huyu anauza githeri na chapati kwenye kibanda. Mimi nimesomea biashara na sijui njia nyingine yoyote halali ambayo mtoto wa kibanda anaweza kupata shilingi milioni 40 kwa maneno 650. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya mto utokee mahali ambapo hakuna mto.

Na tusijifanye wageni wa mambo haya. Msimu wa basari ukifika, ni wazazi wangapi wameniomba nitie mhuri wa kanisa kwenye fomu inayosema mtoto ni yatima, na baba yuko pale nje amekalia bodaboda yake anasubiri? Tumewafundisha watoto wetu tangu Kidato cha Kwanza kwamba mbele ya mwenye pesa umaskini wako wa kweli hautoshi, lazima utiwe chumvi. Mtoto aliyejaza fomu hizo miaka minne, akifika kwenye insha ya Marekani, mto unakuja wenyewe.

Sasa mimi.

Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Baba alikuwa amepoteza kazi, na chumba changu kilikuwa shilingi 3,500 kwa mwezi. Rafiki akanionyesha kazi ya kuandika. Wengi wenu mnaijua, na katika baadhi ya nyumba zenu imelipa kodi. Mtu ana akaunti kwenye tovuti, anapokea oda za wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia ambao hawataki kuandika kazi zao wenyewe, kisha anawagawia vijana wa Nairobi. Mimi nililipwa shilingi 250 kwa ukurasa. Tulijiambia kwamba ni utafiti. Tulijiambia pia kwamba Mzungu ndiye anayedanganya, sisi tunauza huduma tu. (Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwabana wanaouza huduma hiyo, na mwisho wa mwaka huohuo ChatGPT ikaja, kwa hivyo hata soko lenyewe limepungua. Lakini sisemi tulikoma kwa sababu ya utakatifu.)

Siku moja ikaja oda ya aina nyingine. Haikuwa kazi ya darasani. Kijana wa miaka 17 alikuwa anaomba chuo, na alitaka insha ya maneno 650. Maelezo yalikuwa mistari miwili: babu, ziwa, kuvua samaki, na iwe ya kugusa moyo. Mimi sijawahi kuvua samaki. Lakini babu nilikuwa naye, na tulikuwa tumemzika miaka miwili kabla.

Babu yangu alinifundisha kukamua. Mwaka wake wa mwisho vidole vilikuwa havikunjiki tena, kwa hivyo mimi nilikuwa nakamua na yeye anasimama kando ameshika kamba, anamwongelesha ng'ombe kwa sauti ya chini ili atulie. Baadaye nilikuja kugundua kwamba mimi ndiye aliyekuwa ananituliza. Sasa usiku ule nilimchukua mzee huyo nikamweka kwenye mashua. Ndoo ikawa ndoano. Vidole vilivyokataa kukunjika vikashindwa kushika uzi wa kuvulia. Ng'ombe nikamfanya kuwa ziwa lenyewe, ati babu analiongelesha. Nilimaliza saa tisa usiku, nikalia kidogo, nikatuma. Nililipwa shilingi 1,500. Nikajaza mtungi wa gesi, na zilizobaki nikanunua viatu vya mtumba. Mwenye akaunti aliniambia mteja amefurahi sana.

Miaka mitatu baadaye niliomba ufadhili wa shahada ya pili. Fomu ilisema: eleza mtu aliyekufinyanga. Nilikaa na karatasi hiyo wiki mbili. Kila nikianza sentensi kuhusu babu, mashua inaingia. Sikuweza kumtoa kwenye lile ziwa. Mwishowe niliandika juu ya mwalimu wangu wa hesabu, mtu mwema lakini hakunifinyanga, na ufadhili sikuupata. Sisemi niliukosa kwa sababu hiyo. Ninasema nilitafuta kitu nyumbani kwangu nikakuta nilishakiuza.

Ndiyo maana mama aliponiambia niipige pasi insha ya mtoto wake, mikono yangu ilitetemeka.

Mnaijua Mwanzo 27. Isaka amezeeka, macho hayaoni, anataka kumbariki Esau. Rebeka anasikia. Anampikia mzee nyama ya mbuzi, anamvika Yakobo nguo za kaka yake, anamfunga ngozi ya mwana-mbuzi mikononi na shingoni. Tukihubiri habari hii huwa tunamtazama Yakobo. Wiki hizi mimi nimekuwa nikimtazama mama. Yakobo aliogopa kushikwa akalaaniwa, na Rebeka akamwambia laana hiyo imwangukie yeye. Mama yeyote wa kibanda anayeamka saa kumi alfajiri kuloweka maharagwe anaielewa lugha hiyo. Rebeka hakuwa mwovu. Hata ahadi alikuwa nayo, Mungu alishamwambia mkubwa atamtumikia mdogo. Alichokosa ni imani kwamba mtoto wake anaweza kufika akiwa amevaa ngozi yake mwenyewe.

Na ona jambo lingine. Sikio la yule mzee halikudanganyika. Alisikia sauti ya Yakobo, akasema hivyo kwa kinywa chake. Mikono ndiyo iliyomshinda. Ninapomfikiria mtu aliyekaa Boston au New Haven na maelfu ya insha mezani, namwona Isaka. Hawezi kumwona mtoto wetu. Ana sauti tu, na manyoya tuliyofunga juu yake.

Rebeka alimwambia Yakobo akimbilie kwa Labani akae siku chache, hadi hasira ya Esau ipoe. Siku chache zikawa miaka 20. Biblia haituambii kwamba mama na mwana walionana tena.

Kuhusu Esau, wahubiri huwa tunamcheka kwa kuuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Mimi siwezi kumcheka. Mimi bei yangu ilikuwa mtungi wa gesi.

Nilimwambia kijana aje peke yake Jumamosi. Alikuja, na alikuja amejitayarisha, maana si bure alipata A. Akaniuliza, "Pasta, na wale wakunga wa Misri? Kutoka sura ya kwanza. Walimdanganya Farao, na Mungu akawatendea mema."

Swali zuri, na watu wazima hawaniulizi maswali mazuri hivyo. Nikamjibu nilivyoweza. Wakunga walikuwa wanaficha watoto wa wengine wasiuawe, na kama wangeshikwa, wao ndio wangelipa. Sisi hapa tunajipatia. Na kuna mtu anayelipa, ila hatumwoni. Nafasi ni chache. Chuo hakiwezi kuchukua Wakenya wote wenye A. Mto wako ukimgusa msomaji, kuna karatasi nyingine inayorudi kwenye rundo, na huenda ni ya msichana wa Turkana au Kwale ambaye mto wake ni wa kweli. Huyo hatajua jina lako, wala wewe lake.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaleta la pili, na hili lilinikaba.

"Lakini Pasta, watoto wa matajiri wana washauri wa kulipwa tangu wakiwa wadogo. Kuna mtu wa kuwachagulia shughuli, mtu wa kuwasomea insha mara ishirini. Mimi nikiweka mto mmoja ndio nimekuwa mwizi?"

Wapendwa, sikuwa na jibu la kumnyamazisha, kwa sababu malalamiko yake ni ya haki. Vyuo vingi vya kule huwapa nafuu watoto wa watu waliosoma hapo. Amherst waliacha desturi hiyo mwaka 2021, wengi bado wanayo. Na kuna waliozidi hapo. Machi 2019 serikali ya Marekani ilishtaki watu kama 50 katika kashfa ya mshauri mmoja aliyeitwa Rick Singer. Wazazi matajiri walimlipa, kwa jumla zaidi ya dola milioni 25, ili majibu ya mitihani yarekebishwe na watoto wao waonekane wanamichezo wa michezo ambayo hawakuwahi kucheza. Mwaka 2023 Singer alifungwa miaka mitatu na nusu. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000 ili majibu ya SAT ya binti yake yarekebishwe, bila mtoto kujua, na mahakama ikampa siku 14 jela. Lakini kifungo sicho kilichonishika. Huffman alimwandikia hakimu kwamba mambo yalipofichuka, binti yake alimuuliza, huku akilia, kwa nini hakumwamini, kwa nini hakufikiri angeweza mwenyewe.

Nilimsomea mama sehemu hiyo baadaye. Hakusema kitu. Alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua.

Kwa kijana nilitumia biashara, kwa sababu ndiyo lugha ninayoijua baada ya ile ya madhabahu. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, na baadaye akapata tuzo ya Nobel. Hoja yake kila mnunuzi wa gari la mtumba hapa anaijua hata kama hajasoma. Muuzaji anajua gari lina ugonjwa gani, mnunuzi hajui. Mnunuzi akishaumwa mara mbili tatu, anapunguza bei ya magari yote, mabovu na mazima. Mwenye gari zuri anaona halilipi, analitoa sokoni, na yanabaki mabovu. Sasa barua ya pasta kutoka Kenya ni gari la namna hiyo. Msomaji wa mbali hawezi kufungua boneti. Nikimwandikia huyu kwamba ameongoza vijana miaka mitatu, ninaendesha mtaji ambao si wangu. Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani, katika mpango wa Tom Mboya na marafiki zake wa kule. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alienda Kansas kwa njia hiyohiyo. Tangu 2004 mpango wa KenSAP, ulioanzishwa na mwandishi John Manners na mkimbiaji wetu Mike Boit, umekuwa ukiwatayarisha vijana wetu, na wamefika hadi Harvard na Yale. Watu hao wote walijenga jina. Barua yangu ya uongo ingekula katika jina hilo, na atakayekuja mwaka ujao na barua ya kweli ndiye atakayekuta bei imeshuka.

Kijana akasema, "Sawa. Nimeelewa. Na nikisema ukweli nikose?"

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo wahubiri huwa tunakimbia. Ni rahisi kusema Mungu atafungua mlango mwingine. Mimi nina mshahara. Ada ya mwaka wangu wa mwisho ililipwa na kurasa za uongo za shilingi 250, na shahada hiyo iko ukutani, na kwa sehemu ndiyo iliyonipa kazi hii. Halafu nimwambie mtoto wa githeri aende mikono mitupu? Sikumwahidi kitu. Nilimwambia anaweza kukosa, na kwamba inawezekana akakosa kwa sababu ya ukweli, na kwamba hata hivyo sitaiandika ile barua. Nilimwambia pia mambo ya ile insha ya ziwa. Ndiyo mara ya kwanza niliyasema kwa sauti.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mchungaji mkuu nikamwambia na yeye. Nimejaribu kuhesabu, kwa kadiri ninavyokumbuka, ni shilingi 64,000 hivi. Zakayo alirudisha mara nne, lakini Zakayo aliwajua wenyewe. Mchungaji alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Na yule aliyekosa nafasi kwa sababu ya insha yako?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Basi tukaanza upya, Jumamosi saba. Watu wananiuliza msaada ni upi na udanganyifu ni upi, na kusema kweli mpaka haujachorwa kwa rula. Kumfundisha mtoto fomu inavyojazwa ni msaada. Kumlipia mtihani, kumwonyesha kosa la sarufi, kumwambia hapa nimesinzia, pia. Mimi nilijiwekea sheria moja, kwamba kalamu isiingie mkononi mwangu. Nilikuwa nauliza tu. Ukiwa peke yako unafikiria nini? Ulikosea nini ambacho bado kinakuuma? Insha ya pili aliyoleta ilikuwa laini kama sakafu ya benki, nikamuuliza kama ni ya ile programu ya kompyuta. Akakubali. Haikuwa na uongo hata mmoja, lakini haikuwa na mtu. Ya tatu ilikuwa ya kuomboleza. Ya nne akaandika kuhusu amplifaya.

Mnakumbuka Jumapili ile ya Agosti, spika zilipokufa katikati ya kusifu, tukamaliza ibada kwa sauti za koo? Tukalaumu stima. Tukachanga shilingi 38,000. Kumbe usiku wa Jumamosi kijana huyu alikuwa ameifungua amplifaya ili aondoe ule mvumo ambao mmekuwa mkiulalamikia, akaunganisha waya mbili vibaya, ikaungua mkononi mwake. Aliirudisha mahali pake, akafunga skrubu zote nne, akaja kanisani asubuhi na uso wa mtu asiyejua kitu. Alitoa shilingi 200 kwenye ule mchango. Alikuwa ameitunza risiti ya fundi, na kwa miezi miwili amekuwa akisoma usiku ili ajue ni wapi hasa alikosea, na katika kusoma huko akagundua kwamba mvumo ule hautoki kwenye amplifaya kabisa, unatoka kwenye waya wa ardhi wa jengo letu.

Nilisoma ukurasa huo mara mbili. Kiingereza kilikuwa kigumu kidogo, kina sehemu mbili ningezinyoosha. Sikuzigusa. Nilikuwa nasikia sauti ya mtu ninayemjua.

Zitazameni baraka mbili za Yakobo, wapendwa. Mara ya kwanza baba yake alimuuliza yeye ni nani, akajibu kwamba ni Esau. Mara ya pili ni Mwanzo 32, usiku, kwenye kivuko cha Yaboki, na yule aliyeshindana naye alimuuliza swali lilelile kabla ya kumbariki: jina lako nani? Safari hii alisema Yakobo. Alitoka pale anachechemea.

Barua nimeandika. Nimesema ni fundi wa sauti wa kanisa letu, hajawahi kuongoza kikundi chochote, aliunguza mtambo wetu akatuficha, kisha akaja mwenyewe kusema kabla ya mtu kumshika, na sasa anatutengenezea waya wa ardhi. Mama aliisoma barua hiyo akiwa amesimama. Akaniuliza kama nina uhakika ninampenda mtoto wake. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mtoto wa jirani yangu alinunuliwa insha na saa hii yuko Marekani." Hilo nalo ni kweli, na sikuweza kumwambia si kweli. Kwa wiki kadhaa alikuwa akipita mlango wa upande ili tusikutane. Jumapili iliyopita aliniletea chapati nne zimefungwa kwenye gazeti, akasema ni za watoto.

Fomu zilitumwa usiku wa tarehe 31 Desemba, dakika chache kabla ya mkesha kuanza, kwa intaneti ya ofisi. Majibu ya vyuo hivi hutoka mwezi Machi. Mwombeeni kijana huyu, na mkishaomba, yule anayedai shilingi zake za mchango wa amplifaya aje kwangu, maana ameanza kuzirudisha kidogo kidogo na mimi ndiye ninayeshika daftari.

Vijana wengine wanne wa Kidato cha Nne wameuliza kama tutafanya tena. Tutafanya. Ni Jumamosi, saa nane mchana, ofisi ya nyuma. Waje na kalamu na daftari. Wazazi mnaweza kusubiri nje, kuna viti.